Moshi wa Sigara Kilabuni: Je, Biashara Itakufa?



Mtu mmoja akivuta sigara ndani ya hoteli ya chai, wote waliomo wanavuta pamoja naye. Mama mwenye mtoto mgongoni anavuta. Kijana anayegawa chai anavuta tangu asubuhi hadi jioni. Hawakununua sigara, lakini moshi unaingia vifuani mwao. Moshi huo huleta saratani ya mapafu na ugonjwa wa moyo. Watoto hupata kikohozi na pumu.

Sisi hapa Nyakitonto tunalijua jambo hili. Mvua ikinyesha watu hujazana kilabuni, mlango unafungwa, na moshi unabaki humo humo.

Sheria inasemaje?

Mwaka 2003 Bunge letu lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Bidhaa za Tumbaku. Sheria hiyo inakataza kuvuta sigara mahali pa watu wote, kama vile hospitalini, shuleni na katika magari ya abiria. Pia inakataza kumwuzia sigara mtoto aliye chini ya miaka 18. Haikatazi mtu mzima kununua sigara wala kuvuta. Inasema tu: usivute mahali unapowaumiza wenzako.

Wenye biashara wanaogopa nini?

Wenye vilabu na hoteli huuliza, "Nikimwambia mteja atoke nje na sigara yake, si atakwenda kwa jirani?" Swali hili ni la haki. Mtu anasomesha watoto kwa chai na maandazi hayo hayo.

Jibu ni hili. Mteja atahama ikiwa jirani anaruhusu. Wote wakikataza, atahamia wapi? Mwaka 2004 nchi ya Ireland ilikataza sigara ndani ya vilabu vyote. Uganda nayo inakataza tangu mwaka 2016. Mwaka 2009 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walichunguza habari za nchi nyingi. Waliona kuwa hoteli na vilabu havikupata hasara kwa sababu ya katazo hilo.

Tusifichane. Mwenye duka huenda akauza sigara chache. Lakini tupige hesabu. Avutaye sigara 5 kwa siku huvuta 1,825 kwa mwaka. Zidisha kwa bei ya sigara moja. Akiacha, fedha hizo hazipotei. Atanunua sabuni, chumvi na madaftari, pengine katika duka lile lile.

Na ndugu zetu wa Kasulu na Kibondo wanaolima tumbaku? Tumbaku nyingi ya Tanzania huuzwa nchi za nje. Mtu akivutia nje ya kilabu hapa kijijini, bei ya mkulima haishuki.

Tufanye nini?

1. Tuweke benchi la wavutaji nje, mbali na mlango na nyasi kavu.
2. Tuweke kopo lenye mchanga la kuzimia vipande.
3. Tuandike ubaoni: HAPA NDANI HATUVUTI SIGARA. Siku hizi tunajua kusoma.
4. Tuseme kwa heshima: "Mzee, karibu. Benchi la wavutaji liko nje. Chai yako tutakuletea huko huko."

Mteja ni mali, lakini mteja mzima ni mali zaidi.

Maswali ya kujadiliana

Katika kijijini chako, nani hukaa ndani ya moshi kwa saa nyingi kuliko wote? Nani atamsemea?