Muhuri Haukingi Homa ya Manjano

"Musawo, basi langu ni kesho usiku. Nani anaweza kunigongea muhuri wa homa ya manjano leo?"

Hapa Nakawa, Kampala, sisi wahudumu wa afya huulizwa swali hili kila msimu wa likizo, na anayeuliza hana nia mbaya hata kidogo. Ni mwalimu, au mwanafunzi wa chuo, au dada aliyeweka akiba mwaka mzima ili aende peke yake Unguja akauone Mji Mkongwe: milango ya kuchonga, Ngome Kongwe, kanisa la Mkunazini lililojengwa palipokuwa soko la watumwa. Malazi ameshalipia. Chanjo ameikumbuka mwisho, na hata sasa haulizii chanjo. Anaulizia muhuri.

Nimelijibu kwa upole mara nyingi mno. Leo nalijibu wazi.

Watu wameamini kwamba kadi ya njano ya chanjo ni karatasi ya kumridhisha ofisa wa mpakani, na kwamba ugonjwa wenyewe hautuhusu kwa kuwa tumezaliwa nao. Hilo la pili ndilo linaloniudhi zaidi. Mwishoni mwa 2010 homa ya manjano iliua watu kaskazini mwa Uganda, katika wilaya kama Abim, Agago na Kitgum. Mwaka 2016 ikazuka tena Masaka, mwendo wa saa chache tu kutoka Kampala. Wagonjwa hao walikuwa watu wa hapahapa, walioumwa na mbu wa hapa. Taasisi ya utafiti wa virusi iliyopo Entebbe ilianzishwa mwaka 1936 kwa ajili ya ugonjwa huu. Hata virusi vya Zika viligunduliwa mwaka 1947 na watafiti waliokuwa wakiisaka homa ya manjano kwa kutumia kima waliowekwa katika msitu wa Zika.

Wengi wa wanaougua hupata homa, maumivu ya mgongo na kutapika, kisha hupona. Wachache hupata nafuu ya siku moja hivi, halafu homa hurudi kwa nguvu: macho huwa ya manjano, ini na figo hushindwa, damu hutoka puani na mdomoni. Takriban nusu ya wanaofikia hatua hiyo hufariki ndani ya siku 7 hadi 10. Hakuna dawa inayoua virusi hivi, ya hospitali wala ya kienyeji. Anayekunywa majani machungu ya mululuza wiki nzima "kusafisha ini" kabla ya safari anapanda basi bila kinga yoyote.

Sasa tuitazame kadi yenyewe. Ina jina lako, tarehe ya kuchanjwa, saini ya mhudumu, jina la mtengenezaji na namba ya toleo la chanjo, tarehe ambayo kadi inaanza kutumika, na muhuri wa kituo. Namba ya toleo hutoka kwenye kichupa kilichotoa dozi yako. Broka anayeuza kadi hana kichupa. Anakunakilia namba ya kadi ya mtu mwingine na kubuni tarehe. Nimewahi kuletewa kadi ambayo tarehe ya chanjo na tarehe ya kuanza kutumika ni moja, jambo lisilowezekana kwa anayechanjwa mara ya kwanza. Aliyeiuza hakujua hata kanuni ya msingi, na aliyeinunua alikuwa amelipa ili avuke mpaka bila kinga mwilini.

Kanuni yenyewe ni siku 10, na hazikuwekwa na makarani. Chanjo hii, iliyotokana na kazi ya Max Theiler mwaka 1937, ni virusi hai vilivyopunguzwa makali. Vinahitaji muda wa kuzaana mwilini mwako ili mwili utengeneze kingamwili. Kufikia siku ya 10 watu wengi wanakuwa na kinga. Kufikia siku ya 30 wanazidi asilimia 99. Hakuna ofisa anayeweza kukupunguzia siku hizo.

Na wenyeji wako wana haki ya kukuuliza kadi. Mbu wa Aedes, anayeuma mchana na kutaga kwenye mapipa na matangi ya maji, yupo Unguja. Huyohuyo ndiye anayeeneza dengi katika pwani yetu. Kinachohitajika ni mgonjwa mmoja wa kuumwa naye. Mlipuko ulioanza Luanda Desemba 2015 ulisafirishwa na wasafiri: wawili waliingia nao Kenya, 11 wakafika nao China, na Kinshasa ikapata mlipuko wake. Chanjo zikapungua duniani kiasi kwamba Agosti 2016 wakazi wa Kinshasa walipewa moja ya tano ya dozi ya kawaida. Hayo ndiyo unayoyachezea unaponunua muhuri.

Basi fanya hivi. Nenda kituo kilichoidhinishwa na Wizara ya Afya angalau wiki mbili kabla ya safari, uchomwe sindano moja. Inatosha maisha yote: tangu Julai 2016 hata kadi za zamani zilizoandikwa miaka 10 zinahesabiwa kuwa za maisha, kwa hiyo usikubali kuuziwa ya pili kwa kuwa "imeisha". Kama ulichanjwa katika kampeni za kitaifa, peleka kadi uliyopewa ukaulize kabla ya kuchomwa tena. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye miaka 60 na zaidi, mwenye mzio mkali wa mayai au kinga dhaifu ya mwili, amwone daktari kwanza. Akizuiwa kuchanjwa, apewe barua rasmi ya kitabibu. Kama safari ni kesho, isogeze mbele. Chukua pasipoti, maana kitambulisho cha taifa kinachokuvusha Busia kuingia Kenya usikitegemee Mutukula kuingia Tanzania. Na kwa kuwa uko peke yako, mwachie mtu wa nyumbani picha ya kadi na jina la nyumba ya wageni. Ukishikwa na homa ukiwa huko, nenda hospitali siku hiyohiyo na umwambie daktari kuwa umetoka Uganda. Malaria ni chache sana Unguja, na asipojua ulikotoka anaweza kuchelewa kukupima ugonjwa huo.