Misuli iliyokaza: mkono wa mkandaji na kipande cha chuma vinaweza nini?

Katika mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura, kama ilivyo Nyamirambo mjini Kigali, fundi cherehani huketi asubuhi na kuinuka jioni. Shingo imeinama, mgongo umepinda, macho hayabanduki kwenye sindano. Jirani yake, fundi wa magari, hulala chali chini ya gari mikono ikiwa juu kwa saa nzima. Mchukuzi wa sokoni hubeba gunia ambalo wengine wangelibeba wawili. Kazi zao ni tofauti, lakini malalamiko yao hufanana: mshipa umekaza.

Dawa ya kwanza inayotajwa ni kukandwa. Wapo wanaokandwa na bibi wa nyumbani kwa mafuta ya moto, wapo wanaochuliwa na kinyozi baada ya kunyolewa, na wapo wanaopigwa chuku. Sasa kuna na njia nyingine, inayoonekana sana katika video zinazopita kwenye simu: mtaalamu anaparuza mgongo au paja kwa kipande cha chuma kinachong'aa, ngozi inakuwa nyekundu, na mgonjwa anainuka akitabasamu.

Kwa mtu anayeishi kwa kipato cha siku, swali si dogo. Fedha inayolipwa kwa mkandaji ni fedha iliyotoka kwenye chakula au ada ya mtoto. Je, inanunua nini hasa?

Ni mshipa gani unaokaza?

Neno mshipa hubeba mzigo mkubwa katika Kiswahili. Mara huwa ni mshipa wa damu, mara neva, mara kano, na mara nyingine msuli wenyewe. Kinachoguswa na mkandaji huitwa kwa jumla tishu laini: misuli, kano zinazoishikiza misuli kwenye mifupa, na utando unaoivika misuli hiyo. Utando huo anaujua kila aliyewahi kuchuna mbuzi: ni ile ngozi nyembamba nyeupe inayoshikilia nyama na isiyokatika kwa urahisi.

Imani ya wengi ni kwamba mtu anapohisi kukaza, nyama yake imekuwa fupi au imegandamana, na kwamba kazi ya mkandaji ni kuivunja na kuirefusha. Uchunguzi umeonyesha kuwa jambo hilo si rahisi hivyo. Mwaka 2017, watafiti wa Australia na Kanada walichapisha matokeo ya kuwapima kwa mashine watu wenye maumivu sugu ya mgongo waliosema migongo yao ni migumu. Ugumu waliouhisi haukulingana na ugumu uliopimwa. Aidha, watu hao walidhani wanabonyezwa kwa nguvu kubwa kuliko ile iliyotumika. Hata sauti waliyosikizwa wakati wa kubonyezwa, kama mlio wa mlango mkavu, iliweza kubadilisha hisia yao.

Maana yake si kwamba mgonjwa anasingizia. Maumivu ni ya kweli. Ila hisia ya kukaza, mara nyingi, ni onyo linalotolewa na ubongo ili kukilinda kiungo kilichochoka au kilichowahi kuumia. Si lazima kuwe na kamba iliyofupika ndani ya mgongo.

Kutoka pembe ya nyati hadi chuma cha pua

Kuparuza mwili kwa kifaa si uvumbuzi wa juzi. Nchini China njia hiyo huitwa gua sha, na imetumika kwa karne nyingi. Ngozi hupakwa mafuta, kisha huparuzwa kwa kipande cha pembe ya nyati, jiwe laini au hata kijiko cha udongo wa kaure, mpaka vitokee vidoa vyekundu kama mchanga. Huko Vietnam hutumia sarafu.

Toleo la kisasa lilizaliwa Marekani. David Graston, mwanamichezo aliyeumia goti katika mchezo wa kuteleza juu ya maji, alitengeneza vifaa vya kujitibu baada ya kuona mikono peke yake haitoshi. Katika miaka ya 1990 vifaa hivyo, vya chuma cha pua na vyenye kingo zilizopinda kufuata umbo la mwili, vilianza kufundishwa kwa wataalamu wa fiziotherapia. Makampuni mengine yalifuata na vifaa vyao.

Faida ya kifaa juu ya mkono ni mbili. Kwanza, kinamwondolea mkandaji uchovu wa vidole. Pili, kingo ya chuma hupitisha mtetemo, hivyo mtaalamu huhisi mahali palipo na mkwaruzo au uvimbe mdogo. Hilo halitoshi kuthibitisha kuwa mgonjwa hupona upesi zaidi.

Utafiti unasema nini?

Mwaka 2009, watafiti wa Indiana nchini Marekani walichapisha jaribio la panya waliojeruhiwa ligamenti za magoti. Goti moja la kila panya liliparuzwa kwa kifaa, jingine likaachwa. Baada ya wiki 4, ligamenti zilizotibiwa zilikuwa na nguvu zaidi kwa asilimia 43. Matangazo mengi ya tiba hii huishia hapo. Lakini jaribio liliendelea, na kufikia wiki ya 12 tofauti hiyo ilikuwa karibu imetoweka. Kifaa kiliharakisha mwanzo wa uponaji; hakikubadilisha mwisho wake. Na hapo ilikuwa ni jeraha jipya la panya, si bega la fundi lililokaza kwa miaka 10.

Kwa binadamu, mapitio ya mwaka 2016 yalikusanya majaribio 7 yaliyofanywa kwa kufuata kanuni za kisayansi. Hitimisho lake lilikuwa la tahadhari: kiungo huweza kujongea zaidi kwa muda mfupi baada ya kuparuzwa, lakini ushahidi wa kutibu maradhi ya misuli na mifupa haukutosha.

Dai la kuvunja utando lililogandamana nalo limepimwa. Hesabu zilizochapishwa mwaka 2008 zilionyesha kwamba ili kuubadilisha umbo utando mgumu wa paja au wa unyayo kwa asilimia 1 tu, ingehitajika nguvu inayolingana na uzito wa mamia ya kilo. Hakuna kidole wala chuma cha kliniki kinachobonyeza hivyo.

Kwa nini basi mtu huinuka akiwa mwepesi? Jibu linaelekea zaidi kwenye neva. Mguso, joto na mkandamizo hupeleka habari mpya kwenye uti wa mgongo na ubongo. Onyo la hatari hupunguzwa, msuli huachia, na mtu hukubali kujongea pale alipokuwa akiogopa. Damu nayo huongezeka kwenye ngozi iliyoparuzwa. Nafuu hiyo ni ya kweli, ila hudumu saa au siku, si miezi.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilifuata mwelekeo huo lilipotoa mwongozo wake kuhusu maumivu sugu ya kiuno mwezi Desemba 2023. Shirika hilo linakadiria kuwa watu milioni 619 waliishi na maumivu ya kiuno mwaka 2020. Mwongozo unataja kukandwa miongoni mwa tiba zinazoweza kutolewa, sambamba na mazoezi na elimu kwa mgonjwa. Hauungi mkono mikanda ya kufunga kiuno, mashine za kuvuta mgongo, wala dawa kali za maumivu za jamii ya afyuni.

Kuitumia nafuu kabla haijaisha

Hapa ndipo fedha ya mgonjwa inapookolewa au kupotea. Anayekandwa na kurudi kwenye kiti kilekile, kwa mkao uleule, atarudi kwa mkandaji wiki ijayo. Anayeitumia nafuu ya siku mbili kuanza mazoezi huweza kuijenga misuli ikavumilia kazi yake.

Mazoezi hayo hayahitaji ukumbi. Fundi cherehani anaweza kusimama kila baada ya nusu saa, azungushe mabega, na kuvuta kidevu nyuma mara 10. Anaweza kuweka mikono kwenye nguzo mbili za mlango na kusogeza kifua mbele taratibu. Kidumu cha lita 5 kilichojaa maji kina uzito wa kilo 5: akiinama kidogo, mkono mmoja ukiwa juu ya meza, na kukivuta kuelekea mbavuni kwa mkono wa pili, atakuwa anaimarisha misuli ya mgongo wa juu. Meza ya cherehani ikiinuliwa kwa mbao, shingo haiinami sana.

Mkandaji mwema huuliza maswali kabla ya kugusa, hueleza anachofanya, hupunguza nguvu akiombwa, na humpa mgonjwa zoezi la kwenda nalo nyumbani. Anayeahidi kuponya kabisa, au anayedai tiba haifanyi kazi bila kumliza mtu, anastahili kutiliwa shaka. Michubuko mikubwa ni dalili ya mishipa midogo ya damu iliyopasuka, wala si uchafu uliotoka mwilini.

Wakati wa kutokandwa

Yapo maumivu ambayo kuyakanda ni kuyaficha. Mgongo unaouma pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kupungua uzito unaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo, ugonjwa ambao hushambulia mifupa hata kwa asiyekohoa. Huyo anahitaji vipimo na dawa za hospitali. Kila wiki anayoipoteza kwa mkandaji inaweza kumgharimu miguu yake.

Mguu mmoja uliovimba, wenye joto na unaouma kwenye shavu la mguu usikandwe kamwe. Huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na donge hilo likisukumwa linaweza kufika kwenye mapafu na kuua. Ganzi sehemu za siri, kushindwa kuzuia haja, au miguu inayoishiwa nguvu ghafla ni dharura ya siku hiyohiyo.

Tahadhari inawahusu pia wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, wagonjwa wa kisukari waliopoteza hisia miguuni, waliowahi kuugua saratani, na yeyote aliyeanguka au kupata ajali karibuni. Kifaa kinachoparuza ngozi kinaweza kuichuna, kwa hiyo ni lazima kisafishwe kwa dawa ya kuua vijidudu kati ya mteja na mteja. Na kinyozi anayeshika kichwa na kuzungusha shingo kwa ghafla mpaka ilie, akatazwe kwa upole: mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo hupita humo humo.

Mkono wa mkandaji umewafariji watu tangu kale, na hakuna utafiti uliouondolea heshima hiyo. Ulichofanya utafiti ni kuuonyesha mpaka wake. Mkandaji humfungulia fundi mlango kwa siku mbili; kuupita mlango huo ni kazi ya fundi mwenyewe, kwa meza iliyoinuliwa na kidumu chake cha maji.