Chanjo ya Malaria na Dozi ya Nne

Sisi tufundishao katika vyuo vya Kurani twaijua malaria kwa nafasi zibakiazo wazi mkekani. Kila masika huwa hivyo: leo hayupo huyu, kesho ndugu yake, na aliyeiacha Juzuu Amma katikati hurudi baada ya siku kumi, amekonda na ameyasahau aliyoyahifadhi. Wako pia ambao hawakurudi.

Kwa miaka mingi mabingwa wa tiba waliitafuta chanjo ya maradhi haya wasiipate, kwani kijidudu chake ni hodari wa kujigeuza. Mbu amwumapo mtu, kijidudu hukimbilia kwanza kwenye ini, kikazaliana humo, ndipo kikatoka kuivamia damu na homa ikapanda. Chanjo mbili zilizopatikana, RTS,S na R21, huufundisha mwili kukitambua kingali njiani. Shirika la Afya Duniani liliipendekeza ya kwanza mwaka 2021, na ya pili mwaka 2023.

Na pwani yetu ina fungu lake katika kazi hiyo. Jaribio kubwa la R21 lilifanywa Kilifi na Bagamoyo, pamoja na Burkina Faso na Mali, kwa watoto zaidi ya 4,800 wa miezi 5 hadi 36. Wazazi waliombwa idhini kwanza. Kisha katika kila watoto watatu, wawili walipewa R21 na mmoja chanjo ya kichaa cha mbwa, wala mzazi hakuambiwa mwanawe amepata ipi. Huenda msomaji akastaajabu. Lakini pasipo kulinganisha, nani angeujua ukweli? Twawaonea fahari mama wale waliokubali. Mahali malaria ikaapo mwaka mzima, kama Kilifi na Bagamoyo, chanjo iliizuia homa hiyo kwa asilimia 68 katika mwaka wa kwanza.

Basi si kinga kamili. Tena nguvu yake hupungua kadiri siku zipitavyo, na dozi ya nne ndiyo huiamsha. Tatu za mwanzo hufuatana kwa karibu, na mama hazikosi. Hiyo ya nne huja baada ya muda mrefu, mtoto amekwisha anza kutembea, mzima wa afya, na kadi imelala sandukuni.

Tulipokwenda kumzuru jamaa yetu magharibi ya Kenya, ambako RTS,S ilianza kutolewa mwaka 2019, tulikuta chandarua kimetandazwa juu ya miche ya sukumawiki kuikinga na kuku. Tulipouliza, mwenyeji wetu akacheka. “Maalim, mtoto amekwisha chanjwa, chandarua cha nini tena?” Tukamwuliza amechanjwa mara ngapi. Hakujua. Akamwita mkewe, naye akaileta kadi, tukaisoma sote pamoja: mara mbili tu, na tarehe ya tatu ilikuwa imepita miezi mitano.

Asubuhi yake mama alitoka mapema na mtoto mgongoni kwenda zahanati. Bwana naye tulimwacha uani, akikifua chandarua na kutafuta uzi wa kuziba matundu.