Ubishi wa Mpira Umalizwe na Daftari



Msimu wa mpira ukiisha, vijana wa Tarime na Serengeti hubishana. Nani mchezaji bora? Nani aingie timu ya kata? Ubishi si mbaya. Ubaya huja unapogeuka ugomvi wa kijiji na kijiji, au ukoo na ukoo. Hapo kijana anayestahili huachwa, kwa sababu hana wa kumsemea.

Tazama Ligi Kuu ya Tanzania Bara, msimu wa 2021/2022. George Mpole wa Geita Gold alifunga mabao 17. Fiston Mayele wa Yanga alifunga 16. Mpole akawa mfungaji bora kwa bao moja tu. Kelele hazikuamua. Hesabu iliamua.

Lakini mchezaji bora wa msimu huo alikuwa Yannick Bangala wa Yanga. Yeye alicheza beki na kiungo. Kumbe wanaozuia nao hutazamwa.

Mkulima asiyehesabu magunia hajui shamba lipi limezaa vizuri. Mpira nao ni hivyo hivyo. Fanyeni hivi:

1. Kila timu ichague mwandishi mmoja.

2. Kila mechi aandike nani alicheza, nani alifunga, nani alitoa pasi ya bao na nani alipewa kadi. Aandike pia mabao mliyofungwa.

3. Mwisho wa msimu, daftari lisomwe mbele ya wote. Kisha pigeni kura.

Wewe sasa unajua kuandika. Kazi hii unaiweza. Nunua daftari kabla ya mechi ya kwanza.