Kukabidhi Watu Si Kama Kukabidhi Ghala

Askari yeyote aliyewahi kuhamishwa kituo anayajua makabidhiano. Bunduki huhesabiwa moja moja, risasi hulinganishwa na daftari, funguo hutoka mkono huu zikaingia mkono ule, na wakubwa wawili hutia saini. Kikipungua kitu, huonekana papo hapo. Lakini mkubwa anayeondoka huacha pia kitu kisichohesabika, nacho ni watu: imani waliyokuwa nayo kwake, ujuzi walio nao vichwani, na vinyongo walivyovificha vifuani. Hayo hayana daftari.

Ili tulione jambo hilo kwa mfano wa kweli, natuelekee Bugeshi, katika wilaya ya Rubavu nchini Rwanda, pande zilizojulikana zamani kwa jina la Gisenyi. Hapo ardhi ni nyeusi ya volkano, wakulima hulima viazi, na mlima Karisimbi wenye urefu wa mita 4,507 husimama juu ya mashamba yao. Upande wa pili wa mlima huo, baina yake na mlima Bisoke, ndipo ilipofunguliwa kambi ya utafiti wa sokwe wa milimani tarehe 24 Septemba 1967. Majina ya milima hiyo miwili yaliunganishwa, kambi ikaitwa Karisoke.

MKUBWA MMOJA, KAZI ZOTE

Mwanzilishi wake alikuwa Dian Fossey, Mmarekani aliyetumwa na mtaalamu mashuhuri Louis Leakey. Mapema mwaka huo wa 1967 Bibi Fossey alikuwa ameanza kazi Kabara, upande wa Kongo. Mwezi Julai askari walimteremsha kutoka mlimani kwa sababu ya machafuko, akazuiliwa Rumangabo, kisha akaponyokea Uganda. Kwa hiyo kituo chake cha kwanza alikiacha bila kukabidhi lolote kwa yeyote. Miezi michache baadaye alianza upya Rwanda.

Huko hakuwa mtafiti tu. Ndiye aliyeajiri, ndiye aliyelipa mishahara, ndiye aliyesifu na ndiye aliyekaripia na kufukuza. Leo mashirika ya utafiti huwa na mkuu wa utumishi mwenye ofisi na majalada. Karisoke ya siku zile, utumishi wote ulikuwa kichwani mwa mtu mmoja. Lugha ya uongozi huo ilikuwa Kiswahili, alichojifunza ili aweze kusema na wafanyakazi wake. Amri za asubuhi, taarifa za jioni na malalamiko ya mshahara vilipita katika lugha hii tuisomayo hapa.

Wafanyakazi hao, hasa wafuata nyayo, ndio waliokuwa nguzo ya kambi. Mtafiti hutoka ng'ambo na daftari lake. Mfuata nyayo humwonyesha jani lililopindwa jana na lile lililopindwa leo, humhesabia malalo ya usiku, humtambulisha kundi hili na lile. Ujuzi wa namna hiyo haupatikani kwa kusoma taarifa ya makabidhiano. Hupatikana kwa miaka ya kutembea katika upupu na ukungu, na anayeondoka nao haurudishi ghalani.

Tarehe 31 Desemba 1977 majangili walimwua Digit, dume ambalo Bibi Fossey alilipenda mno. Mwaka 1978 aliunda mfuko wenye jina la Digit ili kulipia doria za kung'oa mitego. Doria zilikuwa na manufaa, lakini watu wake walimtegemea yeye binafsi. Naye alijulikana kwa ukali, kwa majangili na hata kwa watumishi wake. Kikosi kinachosimama juu ya hasira na fedha za mtu mmoja, siku mtu huyo akiondoka, husimama juu ya nini?

KUONDOKA MARA MBILI

Mwaka 1980 aliondoka kwa mara ya kwanza, akaenda Chuo Kikuu cha Cornell huko Marekani kufundisha na kuandika kitabu chake. Mtaalamu Sandy Harcourt alishika uongozi wa kambi. Mwaka 1983 mwanzilishi alirejea, akashika tena hatamu mwenyewe.

Mara ya pili hapakuwa na makabidhiano. Usiku wa tarehe 26 Desemba 1985 aliuawa ndani ya nyumba yake kambini, akiwa na umri wa miaka 53. Wafanyakazi wa kambi walikamatwa, kisha wakaachiliwa, isipokuwa mmoja aliyekuwa amefukuzwa kazi hapo awali. Huyo alifia mahabusu mwaka 1986 kabla ya kuhukumiwa. Mwezi Desemba mwaka huohuo mahakama ilimtia hatiani mtafiti mmoja wa Kimarekani, ambaye hakuwapo nchini. Si kazi ya makala haya kulifungua upya jalada hilo. Lakini polisi anayesoma hapa ataliona somo: penye kinyongo cha kazi kisichoandikwa wala kusuluhishwa, kila mtumishi hugeuka mshukiwa siku ya msiba, na ukweli hupata shida kutoka.

WALIOBAKI

Vita vilipoanza Oktoba 1990, milima hiyo ikawa uwanja wa mapambano. Mwaka 1992 dume lililoitwa Mrithi liliuawa kwa risasi. Mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, wageni waliondolewa, kambi ikaporwa na kubomolewa. Hapo hapakuwa na mkurugenzi kambini, wala mwandishi wa mishahara. Hata hivyo wafuata nyayo wa Kinyarwanda, kila walipopata nafasi, walirudi msituni kuwatazama sokwe. Makabidhiano ambayo hakuna aliyeyatia saini yalikuwa yamekwisha kufanyika: kazi ilikuwa imeingia mioyoni mwa waliokuwa wakiitwa wasaidizi.

Ofisi ilihamia nje ya hifadhi, mjini Ruhengeri, ambao leo huitwa Musanze. Baadaye uongozi wa Karisoke ukafika mikononi mwa Mnyarwanda, Felix Ndagijimana, na mwaka 2022 makao mapya yakafunguliwa Kinigi. Sokwe wa Virunga, waliokadiriwa kuwa takriban 250 mwaka 1981, walihesabiwa 604 katika hesabu ya 2015 na 2016. Katika kazi hiyo yamo majina mengi ambayo hayakuandikwa juu ya kitabu chochote.

Cheo ni dhamana, na dhamana kubwa kuliko zote ni watu. Mkubwa anayejiandaa kuondoka na aanze mapema: amfundishe wa chini yake kufanya kazi bila yeye, aandike mishahara na ahadi alizotoa, asikilize kinyongo kabla hakijawa kisasi, na akishakabidhi, amwachie mwenziwe nafasi ya kuongoza. Hesabu ya bunduki hukamilika siku moja. Hesabu ya watu huonekana baada ya mkubwa kupanda gari na kuondoka, pale anayebaki lindoni anapoamua, bila kuamriwa, ama kuendelea kukesha ama kulala.