Mteja akikuuliza manjano umetoa wapi, utamjibu nini?

Wadau, leo sio mambo ya kupiga picha bidhaa. Nina stori ya manjano.

Mimi nauza unga wa lishe na viungo, oda nyingi napata kupitia stetasi ya WhatsApp. Manjano nilikuwa nanunua ya unga tayari kwa jumla, nafunga pakiti ndogo, naweka lebo yangu. Ilikuwa inawaka, kwenye picha inavutia kweli. Siku moja dada mmoja, mteja wangu wa siku zote, akaniandikia: "Mdogo wangu, hii unasaga mwenyewe? Maana mwanangu namwekea kwenye supu na wali kila siku." Nikaandika jibu, nikafuta. Nikaandika tena, nikafuta. Sikujua imesagwa wapi wala na nani.

Nikaanza kusoma. Kumbe Bangladesh walikuwepo watu wanaong'arisha mizizi ya manjano kwa rangi yenye madini ya risasi. Mwaka 2019 asilimia 47 ya sampuli za sokoni zilikutwa na risasi. Serikali ikabana, faini zikatoka, elimu ikatolewa, kufikia 2021 ikawa sifuri. Marekani nako, mwaka 2023, rojo la matufaha na mdalasini la WanaBana, chakula cha watoto, liliondolewa madukani. Risasi ilikuwa kwenye mdalasini.

Mtoto hunyonya risasi anayoimeza mara 4 hadi 5 kuliko mtu mzima, na inaharibu ubongo unaokua. WHO wanasema hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama. Halafu kuna hili ambalo mimi sikulijua kabisa: mtoto mwenye upungufu wa madini ya chuma au kalsiamu, au anayekaa na njaa, hunyonya zaidi. Mwili unaipokea risasi kama vile ni kalsiamu. Kwa hiyo anayeshindia uji mtupu yuko hatarini kuliko anayepata dagaa, maharage, mboga za majani na maziwa. Lakini dagaa hawaondoi sumu, usije ukaandika hivyo kwenye tangazo lako!

Kwa macho huwezi kuiona, na kuchemsha hakuitoi. Hata mizizi mikavu mizima inaweza kuwa imepakwa rangi. Siku hizi nanunua manjano mbichi kwa mkulima, nachemsha, nakatakata, naanika, napeleka mashineni na nasimama hapohapo. Mdalasini nauza magome. Daftarini naandika nimenunua kwa nani na lini, na lebo inabeba tarehe hiyohiyo. Kazi imeongezeka, pakiti nimepandisha shilingi 500, wateja wawili wamehama.

Kilo 8 za zamani nilizitoa kwenye stetasi. Aliyeniuzia amekataa kuzipokea, anasema hazina tatizo. Labda kweli hazina. Zipo kwenye ndoo mpaka leo, sijamuuzia mtu.

Yule dada nilimjibu usiku: "Dada, sijui imesagwa wapi. Nirudishie, nakupa pesa yako." Akarudisha pakiti iliyobaki nusu, akaagiza kilo mbili za unga wa lishe.