TULIME MAGIMBI KARIBU NA NYUMBA, SI UKINGONI MWA ZIWA

Magimbi unayajua. Ni zao lenye majani mapana kama masikio ya tembo, na chakula chake kiko chini ya udongo. Huko pwani wengine huyaita majimbi. Wenzetu wa Kenya huyaita nduma. Ni zao la zamani. Asili yake ni Asia, nalo lilifika Afrika kabla ya mahindi na mihogo, ambayo ilitoka Amerika.

Sisi tunaokaa Kigongo na vijiji vya jirani tuna ziwa mlangoni. Kwa hiyo tukitaka kupanda magimbi, mawazo hukimbilia ziwani. Tunasema, "Gimbi linapenda maji, basi tulipeleke kwenye maji." Ni kweli linapenda maji. Lakini kulipeleka ukingoni kuna hasara. Afadhali tuulete unyevu nyumbani.

Kwa nini tusilime ukingoni?

Kwanza, sheria inakataza. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 hairuhusu shughuli za kudumu, wala zile zinazoweza kuharibu mazingira, ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Tukilima pale, mvua husomba udongo na kuutia ziwani. Makinda ya sato hukulia kwenye maji ya kina kifupi. Tukiyachafua maji hayo, tunapunguza kitoweo chetu wenyewe.

Pili, ziwa hupanda. Mwezi Mei 2020 Ziwa Viktoria lilipita kiwango cha juu kilichoandikwa mwaka 1964. Mashamba na nyumba za ukingoni zilifunikwa na maji. Jasho la mwaka mzima linaweza kwenda hivyo hivyo.

Tatu, kuna kichocho. Konokono wanaokuza vijidudu vya kichocho hukaa kwenye maji baridi yaliyotulia, penye majani. Mtu anayelima miguu mitupu ndani ya maji hayo anajitafutia ugonjwa.

Tupime meta 60 namna gani? Hatua ya mtu mzima ni kama sentimeta 75. Meta 60 ni sentimeta 6,000. Gawa kwa 75, utapata hatua 80. Pima wakati ziwa limejaa, kisha ongeza hatua chache ili uwe na hakika.

Tupande vipi?

1. Chagua mahali penye unyevu karibu na nyumba: chini ya migomba, au pale yanapoelekea maji ya kuoshea mboga na ya kuogea. Maji yenye sabuni nyingi ya kufulia yasimwagwe hapo. Wala yasituame, maana mbu watazaliana.

2. Chimba mtaro wenye kina cha sentimeta 30. Changanya udongo na samadi iliyooza vizuri, urudishe mpaka nusu ya mtaro. Nusu inayobaki itakusanya maji ya mvua.

3. Tafuta mbegu. Mbegu ya gimbi ni kichwa chake, yaani sehemu ya juu ya kiazi pamoja na vikonyo vilivyokatwa na kubaki na urefu wa kama sentimeta 20. Machipukizi ya pembeni nayo yanafaa. Usichukue mbegu kwenye shina lenye ugonjwa.

4. Panda mvua za vuli zinapoanza. Acha sentimeta 60 kati ya shina na shina, na meta 1 kati ya mtaro na mtaro. Mtaro wa meta 6 utaingia mashina 10. Mitaro minne ni mashina 40.

5. Tandaza majani makavu au mabua juu ya udongo. Hayo ndiyo yanayotunza unyevu jua likiwa kali. Usiache udongo mtupu.

6. Palilia miezi minne ya mwanzo, na kila ukipalilia rudishia udongo kidogo kwenye shina. Majani yakishakuwa makubwa, kivuli chake kitazuia magugu.

Kuvuna ni baada ya miezi 7 hadi 10, majani yanapopungua na kuwa ya njano. Ukipanda Novemba, anza kuchimba shina moja moja kuanzia Juni. Usichimbe yote kwa pamoja, maana gimbi likishatoka ardhini halikai siku nyingi kabla ya kuoza. Udongo wako ndio ghala.

Tusitegemee mbegu ya aina moja. Mwaka 1993 ugonjwa wa ukungu wa majani uliingia nchi ya Samoa, katika Bahari ya Pasifiki. Magimbi yalikuwa chakula chao kikuu na bidhaa ya kuuza nje. Aina waliyoitegemea zaidi ilikuwa dhaifu mbele ya ugonjwa huo, na mashamba yakateketea. Ukipata aina mbili au tatu kwa majirani, panda zote.

Jihadhari jikoni

Gimbi bichi lina chembe ndogo kama sindano. Ndizo zinazowasha mikono na koo. Paka mafuta mikononi kabla ya kumenya. Chemsha mpaka liive kabisa, lilainike hadi katikati, na maji uliyochemshia uyamwage. Majani machanga nayo ni mboga, lakini yachemshwe sana. Watoto wasitafune gimbi bichi wala jani bichi. Akitafuna, asukutue kwa maji safi. Akivimba mdomo au akipumua kwa shida, mkimbize zahanati mara moja. Na mmea wa porini au wa maua unaofanana na gimbi usiule hata kidogo, kama huujui.

Kwa siku ya kwanza mtaro mmoja unatosha. Mashina kumi yakistawi, mwaka unaofuata utakuwa na mbegu yako mwenyewe ya kuongeza mtaro wa pili.

Maswali ya kujadiliana

1. Shamba lako liko hatua ngapi kutoka ukingo wa ziwa? Ni meta ngapi?
2. Una mitaro mitatu ya meta 9. Utahitaji mbegu ngapi?
3. Kwa nini tunamwaga maji yaliyochemshiwa magimbi?